Uliza Mwalimu: Kamba ya Kisimani

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tumejitawala tangu 1961, lakini kila tukizungumzia umaskini wetu wazee mnamtaja mkoloni. Mimi naona ni uvivu na wizi wetu wenyewe. Nakosea wapi?
Msomaji, Kibaha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuhusu wizi sikupingi. Uvivu nakataa, maana nimemwona baba yangu.

Baba alitoka Kasulu akaja Muheza, Tanga, kuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba katika shamba la mkonge. Kwao hakukuwa na zao la kuuza, na kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, basi ilibidi mtu akaitafute fedha huko iliko. Alfajiri na giza yuko shambani. Anakata majani ya mkonge, anayafunga thelathini thelathini, tita juu ya tita mpaka amalize kazi aliyopimiwa. Jioni mama alimpaka mafuta ya nazi mikononi, maana yale maji ya mkonge huwasha mpaka ngozi ikababuka. Nani atamwita mtu huyo mvivu mbele yangu?

Sasa nisikilize. Ndoo ya kisima cha kambini ilifungwa kamba ya nailoni, ya kununua dukani, iliyotoka ng'ambo. Mkonge umetuzunguka mpaka upeo wa macho, nasi tunanunua kamba! Nilipomuuliza baba alinijibu, "Singa zetu ni za meli," yaani nyuzi za mkonge wetu ni za kupelekwa ng'ambo.

Ndivyo mambo yalivyopangwa. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mkonge 1893. Reli ikaanzia bandarini Tanga, ikapita mashambani, ikafika Moshi 1911. Jani likipita kwenye korona, ile mashine ya kuparua majani, singa unazopata ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake, na hizo zilipakiwa zikasokotwe Ulaya. Mabaki yalitupwa. Ilipita zaidi ya miaka 100 tangu Hindorf ndipo pale Hale, mkoani Tanga, mabaki hayo yakaanza kutoa umeme.

Shamba la namna hiyo ndilo tulilorithi. Mwaka 1964 tulizalisha tani kama 230,000. Zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, na sisi hatukuwa na njia nyingine ya kuzitumia singa zile.

Lawama yetu inaanzia hapo. Mashamba mengi yalitaifishwa 1967, na mengi hayakupandwa upya. Mkonge ukishatoa mlingoti, lile shina refu la maua, umekwisha. Unang'oa, unapanda, unangoja kama miaka 3 ndipo ukate tena. Shambani kwetu wakubwa walikata tu, kwa sababu mavuno ya leo huonekana kwenye taarifa ya mwaka, na mche hauonekani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima haikufikisha hata tani 30,000.

Kwa hiyo, mwanangu, mkoloni na sisi wote tuandike, kila mmoja kwa fungu lake. Baba usimwandike. Alipostaafu 1983 nilikwenda kumchukua: korona iko kimya, milingoti imesimama shamba zima, naye hajalipwa mishahara ya miezi minne.