Wosia wa mwenye mtumbwi mmoja: maswali na majibu

Nina mtumbwi, injini, nyavu na nyumba ya vyumba viwili hapa Ujiji. Wosia si mambo ya matajiri?

Hapana, baba. Mali kama yako ndiyo inayopotea upesi. Kiwanja hakihami, lakini injini inabebwa na watu wawili usiku, na asubuhi hakuna shahidi. Kwenye wosia usiandike "injini yangu" tu. Andika aina yake, nguvu zake na namba iliyo kwenye kibati chake. Taja pia madeni: nani anakudai, na mnunuzi gani wa dagaa alikupa pesa ya mbele. Madeni hulipwa kabla ya kugawa urithi, na yasipoandikwa kila anayekuja msibani atasema alikudai.

Mume wangu anasema ukoo utanitunza. Nitosheke?

Usitosheke, mama. Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 hazimpi mjane fungu kama marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Zinasema atatunzwa na wanawe. Mwombe aandike wosia akutaje. Shamba la michikichi mliloliendeleza pamoja, tunza risiti na hati ya mauziano yenye jina lako, maana jasho lako si mali ya marehemu.

Unaandikwaje?

Kwa kanuni hizohizo za mila: kwa wino, si penseli, wenye tarehe na sahihi au dole gumba. Anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua, wanne: wawili wa ukoo, wawili baki. Mke au wake waliopo nyumbani nao washuhudie. Wengi hukosea hapa: wanaita marafiki watupu, au wanapitisha karatasi nyumba kwa nyumba. Wakusanye wote, waone ukitia sahihi. Nakala unaweza kuihifadhi RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini.

Mimi ni Mwislamu. Naweza kumwachia mali mtoto wa kulea, nisiyemzaa?

Ndiyo, lakini isizidi theluthi moja ya kinachobaki baada ya mazishi na madeni.

Pesa zilizo kwenye simu je?

Usimpe mtu namba ya siri ukidhani umemaliza. Mtaje msimamizi wa mirathi kwenye wosia. Atafungua mirathi Mahakama ya Mwanzo akiwa na cheti cha kifo na wosia wenyewe, kisha barua ya usimamizi atakayopewa na mahakama ndiyo ataipeleka kwa kampuni ya simu. Akishateuliwa ana miezi minne kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni, Fomu Namba 5.