Tuanze na zizi, shilingi baadaye

Swali la wiki hii: "Je, mazingira ya nchi yanaweza kupangiwa thamani kwa fedha?"

Yanaweza, ila mkianza na fedha mtakosea hesabu.

Naishi Dodoma, nalipia maji kwa uniti. Kwa miaka mingi mji huu umenyweshwa na visima vya Makutupora, kule Mzakwe. Bei ninayolipa ni ya kuyavuta na kuyafikisha nyumbani: umeme wa pampu, mabomba, mafundi. Maji yenyewe, yakiwa bado ardhini, hayana bei. Na hayarudi kila masika. Vipimo vya visima hivyo, vilivyoanza miaka ya 1950, vinaonyesha kwamba hazina ile hujaa hasa katika misimu michache ya mvua kubwa, kama ya El Niño ya 1997/98. Kati ya msimu mmoja na mwingine tunachota akiba. Kwenye Pato la Taifa uchotaji huo unaingia kama uzalishaji. Kina kikishuka, hakuna anayeandika hasara.

Babu yangu, Mgogo wa kuchunga, asingekubali daftari la namna hiyo. Jioni alisimama mlangoni mwa zizi akihesabu: nani karudi, nani kakonda, ndama gani kabaki porini. Sikuwahi kumsikia akitaja kundi lake kwa shilingi. (Akiuza mmoja, hapo ndipo shilingi zilitajwa, tena kwa kunong'ona.)

Kumbe na wataalamu wamefika huko huko. Machi 2021, Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ilipitisha mfumo wa hesabu za ikolojia. Sura za kitabu chake zinazopima ukubwa wa misitu na mifumo mingine ya ikolojia, hali yake na huduma inazotoa zikawa kiwango rasmi cha kimataifa. Sura za fedha hazikupewa hadhi hiyo.

Nina wasiwasi mmoja tu, na unatoka Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lote lililochimbwa na makorongo. Nyasi na miti vikarudi. Kwenye daftari la mazingira hiyo ni faida, wala sibishi. Lakini watoto waliolala bila maziwa mwaka ule hawamo kwenye safu yoyote. Waongezewe safu yao, ukurasa ule ule wa nyasi.

Msomaji, Nkuhungu, Dodoma