"Mshirika wa zamani" au "aliyekuwa mshirika"?

Swali: Katika uhakiki wangu wa albamu ya mwaka 2011 ya Mick Harvey, mwanamuziki wa Australia aliyepiga muziki kwa miaka mingi na mwimbaji Nick Cave, niliieleza kuwa "kazi yenye majonzi ya mshirika wa zamani wa Nick Cave". Mhariri akaandika "aliyekuwa mshirika wa Nick Cave". Je, kuna tofauti?

Jibu: Tofauti ipo, na mhariri wako alifanya vyema. Waziri wa zamani ni yule asiyeshika tena wadhifa huo, ilhali rafiki wa zamani kwa kawaida ni yule mliyejuana tangu siku nyingi na ambaye urafiki wenu ungali hai. Cheo kina mwisho unaojulikana, kwa hiyo msomaji habahatishi. Ushirika hauna tarehe ya kustaafu, na ndiyo maana "mshirika wa zamani" humwacha njia panda.

Harvey mwenyewe ni mfano mzuri. Alianza kupiga muziki na Cave huko Melbourne katika miaka ya 1970, mwaka 1983 wakaanzisha kundi la Nick Cave and the Bad Seeds, naye akajitoa mwaka 2009. Alipotoa Intoxicated Man mwaka 1995, albamu ya nyimbo za mwimbaji Mfaransa Serge Gainsbourg, alikuwa mshirika wa zamani kwa maana ya mwenzi wa siku nyingi, kwa kuwa bado alikuwamo kundini, na kumwita wakati ule "aliyekuwa mshirika" kungekuwa kosa. Alipotoa Sketches from the Book of the Dead, albamu hiyo ya mwaka 2011 uliyoihakiki, ambayo nyimbo zake zinawakumbuka watu waliofariki, alikuwa amekwisha kuondoka, na "aliyekuwa" linalisema hilo waziwazi. Usitumie "aliyewahi kuwa mshirika", kwani "wahi" hudokeza jambo la kupita tu, nao wawili hawa walidumu pamoja zaidi ya miaka 30.

Kuna utata mwingine ambao mhariri hakuugusa, na kwangu ndio mzito zaidi. Katika "kazi yenye majonzi ya mshirika", neno "ya" linapatana na "kazi" na pia na "majonzi", hivyo msomaji anaweza kudhani kwamba majonzi yenyewe ni ya Harvey, wala si sifa ya albamu. Ningeandika: "Mwaka 2011 Mick Harvey, aliyekuwa mshirika wa Nick Cave, alitoa kwa jina lake mwenyewe albamu iliyojaa majonzi."