Bastola "tupu" ilivyonifundisha kwa nini kanuni ni nne

Mkuu, umeuliza hivi: ukishahakikisha bunduki haina risasi, hizo kanuni nyingine za usalama wa bunduki ni za nini? Na unalalamika kwamba mwalimu amekukaripia mbele ya watu kwa sababu ulipitisha mdomo wa bastola tupu usawa wa tumbo la mwenzako. Unaona kakuonea. Hakukuonea hata kidogo. Nina miaka kumi na minne kwenye shabaha, ngoja nikusimulie yaliyonikuta.

Jioni moja nimetoka uwanjani nimechoka, nataka nisafishe bastola nikalale. Bastola yangu ni ya zile ambazo huwezi kuzifungua bila kwanza kuvuta triga, yaani kifyatulio. Nikavuta slaidi, kile kipande cha juu kinachosogea nyuma na mbele, risasi ikaruka, ikagonga meza na kubingirika hadi kwenye kopo la mafuta. Nikaiona kwa macho yangu. Kisha nikachomoa magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini. Umeliona kosa? Nilipoachia slaidi, magazini ilikuwa bado imo ndani, ikapandisha risasi nyingine kwenye chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa. Kuichomoa baada ya hapo ilikuwa kazi bure. Magazini hutoka kwanza, slaidi ndiyo ifuate, uifungie nyuma, uchungulie chemba na kuipapasa kwa ncha ya kidole. Nilikuwa nawafundisha wageni hivyohivyo kila wiki!

Nikavuta triga. Mlio wa risasi chumbani usiusikie, mkuu. Mke wangu alikuja akasimama mlangoni, akanitazama, akaondoka bila kusema neno. Masikio yalilia hadi asubuhi.

Risasi ilizama kwenye ndoo kubwa ya mchanga iliyokuwa kando ya meza. Mzee aliyenifundisha ndiye aliyenilazimisha kuiweka, niwe naelekeza mdomo wa bunduki humo kila ninapoigusa nyumbani. Miaka yote niliiona ni ushamba, ila mkono ulishazoea.

Sasa rudi kwenye swali lako. Kanuni hizi nne zilienezwa na Jeff Cooper, Mmarekani aliyeanzisha shule ya kulenga shabaha huko Arizona mwaka 1976. Ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi. Usielekeze mdomo wake kwa kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Kidole kisiingie kwenye triga mpaka vilengeo vya bunduki viwe kwenye shabaha. Ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Zimepangwa ili moja ikikuponyoka, nyingine ikudake. Mimi ya kwanza ilinitoka huku nikiamini nimeitimiza, ya pili ikaniokoa. Ningekuwa na hiyo moja tu unayoitaka, leo ningekuwa nasimulia habari nyingine.

Kuhusu kidole, wengi hudhani wanaweza kukidhibiti. Mtu akijikwaa au akishtuka, vidole hujikunja vyenyewe. Nimeona ganda la risasi, bado la moto, likidumbukia ndani ya kola ya shati la kijana, akaanza kuruka huku bastola iko mkononi na kidole kimo kwenye triga. Tulilala chini wote. Na bastola ikikuponyoka, iache ianguke. Ukiidaka hewani, kidole huenda kikaangukia palepale kwenye triga. Sefti, kile kizuizi cha kufunga triga, nayo ni kipande cha chuma tu, huweza kuchakaa; usiikabidhi roho ya mtu.

Mambo mawili ya uwanjani wageni huwa hawaambiwi mapema. Ukivuta triga risasi isilie, usiifungue bunduki haraka. Iache imeelekea kwenye shabaha, hesabu walau nusu dakika, kwani baruti huweza kuchelewa kuwaka. La pili ni baya zaidi: ukisikia mlio mdogo, kama "pafu", na msukumo begani ni hafifu, simama. Risasi huenda imekwama kwenye mtutu, na ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unaweza kukupasukia usoni. Ondoa risasi zote, kisha mtutu ukaguliwe. Mashindano yakikupita, yapite.

Na usidanganywe na udogo wa risasi ya .22 (yenye kipenyo cha kama inchi 0.22). Hiyo hiyo wanayoanzia watoto huweza kufika zaidi ya kilomita moja na nusu, na ikigonga maji au jiwe hugeuza njia. Kwa hiyo "nyuma ya shabaha" maana yake ni tuta la udongo unaloliona, si kichaka.

Miwani na vizuia masikio hayo unayajua. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, vumbi la madini ya risasi hubaki mikononi. Pombe na bunduki siku moja, hapana, hata kama umeshamaliza kupiga na unasafisha tu.

Nyumbani: bunduki kwenye sefu, risasi kwenye sanduku jingine lenye kufuli yake, ufunguo usiwe juu ya kabati. Watoto wanajua juu ya kabati kuna nini kuliko wewe. Baada ya jioni ile, mke wangu alitoa sharti moja, kwamba risasi zisiingie kabisa chumba cha kusafishia. Sasa naziacha kwenye lile sanduku la risasi, nafunga kufuli, ndipo naenda mezani. Ndoo bado ipo.