Namna ya Kudumu na Matembezi ya Kila Siku

Watu wanaotaka kuanza kutembea kila siku huniuliza kwanza kuhusu umbali, kasi na aina ya viatu. Maswali hayo yana maana, lakini kwa miaka mingi ambayo nimeshikamana na matembezi ya kila siku nimejiridhisha kwamba linaloamua kama mtu atadumu au ataacha ni moja tu, nalo ni kama amekwisha kuamua, kabla siku haijaanza, ni baada ya tukio gani atatoka nje. Anayesema atatembea akipata nafasi huwa haipati, kwa sababu siku humezwa na kazi, watoto, wageni na uchovu, na kila anapojiuliza kama atoke au asitoke, haikosekani sababu nzuri ya kubaki nyumbani. Swali hilo ndilo la kuondolewa.

Njia ninayoiamini ni kuyafungamanisha matembezi na jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kukumbushwa. Saa peke yake haitoshi. Saa 12 asubuhi huja ikapita kimyakimya, na siku za mapumziko hukukuta usingizini, ilhali kupiga mswaki, kumaliza chakula cha jioni au kufunga mlango wa ofisi ni matendo yanayoonekana na yenye mwisho unaojulikana. Mimi nimechagua kunawa uso asubuhi. Nikishajifuta maji, taulo hurudi kwenye msumari wake na mkono hauendi kwenye simu. Naketi ukingoni mwa kitanda, navaa soksi nilizoziingiza ndani ya raba tangu usiku, navuta kamba zilizokwisha kulegezwa, nafunga, nainuka. Kulegeza kamba usiku ni jambo dogo ambalo wengine watalipuuza, lakini raba yenye fundo lililokazwa, mikononi mwa mtu ambaye bado ana usingizi, inatosha kumrudisha kitandani. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, katika makala yake ya mwaka 1999, alieleza kwamba mtu anayejipangia kwa sura ya “likitokea jambo hili, nitafanya lile” huitekeleza azma yake kwa urahisi kuliko aliye na azma tupu, kwa kuwa tukio lenyewe humchochea kutenda bila kulazimika kutafakari upya.

Wapo wanaosema kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21. Kauli hiyo huwavunja moyo watu wengi ambao siku ya 22 bado wanajilazimisha, wakadhani wana kasoro. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea zoea moja jipya, na makadirio yake ni kwamba muda wa kati hadi tendo kuanza kujiendea lenyewe ulikuwa siku 66, huku tofauti baina ya mtu na mtu zikianzia siku 18 hadi 254. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba kukosa siku moja hakukuathiri kwa kiasi kikubwa ujenzi wa zoea. Hilo la mwisho ningependa kila anayeanza alishike, maana nimewaona watu wakiyaacha matembezi yao kwa sababu tu ya safari au mafua yaliyowakosesha siku moja. Siku iliyokosekana haina haja ya kulipwa kwa kutembea mara mbili. Ya kulindwa kwa nguvu zote ni inayofuata.

Pamoja na hayo, jiwekee kiwango cha chini ambacho hakijadiliwi, tena kiwe kidogo kiasi kwamba hata siku mbaya haiwezi kukushinda. Changu ni dakika 10. Siku nyingi hutembea zaidi ya hapo, lakini usiku ukiwa ulikuwa mgumu hutoka kwa dakika hizo 10, nikarudi, na siku hiyo huihesabu kuwa kamili. Wenye mashaka huniambia kwamba muda huo hauna faida yoyote. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima afanye shughuli za nguvu za wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na linasema wazi kwamba kiasi chochote ni bora kuliko kutofanya kabisa.

Idadi ya hatua 10,000 nayo, ambayo imewaogopesha wengi, ilienea kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani kuanzia mwaka 1965 kikiwa na idadi hiyo katika jina lake. Mwaka 2019 utafiti ulioongozwa na I-Min Lee kwa wanawake wenye umri wa wastani wa miaka 72 ulionyesha kwamba waliotembea hatua zipatazo 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea zipatazo 2,700, na nafuu hiyo iliendelea kuongezeka hadi karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Kwa hiyo anayeanzia chini ana mengi ya kupata kwa nyongeza ndogo.

Kuhusu kasi, kipimo rahisi ni pumzi: ukiweza kuzungumza lakini usiweze kuimba, mwendo wako ni wa wastani unaofaa. Dakika tano za mwanzo ziwe za polepole. Ukihisi maumivu ya misuli ya mbele ya miundi, jambo la kawaida kwa wanaoanza kwa pupa, punguza kasi na ufupishe hatua. Mwenye homa apumzike, na anayebanwa kifua au kupata kizunguzungu asimame hapo hapo na amwone daktari. Mvua haimo katika orodha hiyo, kwa kuwa ukumbi, ngazi au hata chumba kirefu vinatosha kwa dakika 10.

Limebaki suala la kutembea na mwenzako. Mazungumzo hufupisha njia, na ahadi uliyompa mtu ni vigumu kuivunja kuliko uliyojipa mwenyewe, ndiyo maana nawashauri wengi watafute rafiki. Hata hivyo, zoea linalomtegemea mtu mmoja husimama naye anaposafiri au kuugua, na huo ndio mwisho wa matembezi ya watu kadhaa ninaowafahamu. Mwelewane tangu mwanzo kwamba asiyefika baada ya dakika chache hatasubiriwa, wala hatalaumiwa. Na angalau siku mbili katika wiki utembee peke yako, kwa njia ile ile na baada ya tukio lile lile, ili miguu yako iizoee njia hiyo hata mwenzako asipokuwepo.