Mkuu, hiyo 30,000 haitoshi kustaafu nayo

Simama hapo hapo, mkuu. Umeandika kwamba unatumia 100 kwa mwezi, mara 12 ni 1,200, mara 25 ni 30,000, na mshauri wako kakwambia ukizifikisha basi, umemaliza kazi. Unastaafu baada ya miaka 20. Sasa hiyo 100 ni ya bei za lini? Si za leo? Miaka 20 ijayo nani atakuuzia kitu kwa bei ya leo?

Shika kikokotoo. Bei zikipanda 6% kila mwaka, zidisha 1.06 kwa 1.06 mpaka itimie miaka 20. Inatoka 3.2 na ushei. Yaani maisha haya haya, bila kuongeza hata anasa moja, yatakula 320 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 3,840, na mara 25 ni 96,000. Hiyo 30,000 yako, hata ukiiweka baada ya kustaafu mahali inapokua sambamba na bei, haifikishi miaka minane. Ukistaafu na 60, kabla ya 68 umeshaanza kuwapigia watoto simu za kuomba.

Hesabu kama hiyo nami niliwekewa mezani na mshauri aliyekuwa akila kamisheni. Karatasi inang'aa, safu ya faida 10% mwaka baada ya mwaka, jumla chini imekolezwa wino. Safu ya kupanda kwa bei haikuwepo kabisa! Faida ya 10% wakati bei zinapanda 6% ni kama 3.8% tu ukiitazama kwa kile inachonunua, na mtu anayeishi kwa kazi hiyo hawezi kusema hajui. Pengo aliloniachia nimeliziba kwa miaka ya kazi ambayo ningekuwa nimepumzika. Hasira ninazo mpaka leo, ndiyo maana nimeshindwa kuupita uzi wako kimya.

Hiyo "mara 25" yenyewe haina kosa, inatumiwa vibaya. Mwaka 1994 Mmarekani William Bengen alipima historia ya hisa na hatifungani (mikopo kwa serikali) za kwao, akaona kwamba mtu akitoa 4% ya akiba (yaani sehemu moja kati ya 25, ndipo inapotoka mara 25) mwaka wa kwanza wa kustaafu, kisha akawa anaongeza kiasi hicho kadiri bei zinavyopanda, akiba ilihimili walau miaka 30. Soma vizuri: mwaka wa kwanza wa KUSTAAFU. Kupanda kwa bei baada ya hapo kumeshahesabiwa ndani ya 25. Kupanda kuanzia leo hadi siku hiyo hakumo, na hapo ndipo watu wanapoumizwa. Halafu ni miaka 30 tu, kwa masoko ya nchi moja. Ukitoka kazini mapema, 25 ni ndogo.

Kwa hiyo: matumizi kwa bei za mwaka utakaostaafu, ndipo uzidishe. Na urudie hesabu kila mwaka, kwa sababu 6% ikigeuka 8%, ile 3.2 inakuwa karibu 4.7.

Hiyo 100 nayo siiamini. Umeitoa kwenye mwezi mmoja, wakati matibabu, matengenezo ya nyumba na ada haviji kila mwezi. Kusanya matumizi ya miezi 12 yote uyalete hapa, tuanze upya kabla hujaweka sahihi kwa huyo mshauri.