Kulisoma hekalu la Thanjavur: kwa wanaoanza

Anayeanza kujifunza majengo ya mahekalu ya Kihindu huinua macho moja kwa moja kileleni. Wewe anza chini. Katika hekalu la Brihadisvara, Thanjavur, kusini mwa India, habari za kuaminika zaidi zimechongwa kwa Kitamil kwenye graniti ya msingi.

Humo imeandikwa kwamba mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola alikabidhi pambo la kilele, shaba iliyovishwa dhahabu, siku ya 275 ya mwaka wa 25 wa utawala wake, yaani 1010. Wametajwa pia wanawake 400 waliohamishwa kutoka mahekalu mengine waje kutumikia hapa, pamoja na fungu la kila mmoja: nyumba, na kalam 100 (kipimo cha nafaka cha wakati huo) za mpunga kwa mwaka. Nenda asubuhi au alasiri, jua likiupiga ukuta kwa ubavu. Saa sita mchana herufi hazisomeki, na sakafu inaunguza nyayo, maana viatu umeviacha nje.

Unaingia kutoka mashariki: malango mawili (gopura), fahali Nandi, kumbi (mandapa), kisha chumba cha ndani chenye linga, nguzo fupi ya jiwe inayomwakilisha mungu Shiva. Juu ya chumba hicho ndipo uliposimama mnara, vimana, wa takriban mita 60. Zunguka hekalu likiwa mkono wako wa kulia. Hapa vimana ni mrefu kuliko malango. Katika hekalu la Madurai, mji mwingine wa kusini, karne za baadaye, malango ndiyo yaliyorefuka. Basi ukiona picha ya mnara usiupe jina kabla hujajua chini yake kuna nini, chumba cha mungu au mlango. Wengi hukosea hapo.

Kosa jingine ni kumpa Rajaraja kila kitu. Nandi mkubwa wa jiwe moja na hekalu dogo la mungu Subrahmanya ni vya enzi ya Nayaka, watawala waliokuja karne kadhaa baada ya Chola. Hata rangi za ukutani zina tabaka: chumba cha linga kina kuta mbili zenye ujia mwembamba katikati, na humo michoro ya Nayaka iliifunika ile ya Chola mpaka 1931 ilipogunduliwa.

Ujia wa juu ndio unaonivutia kuliko vyote. Ilikusudiwa kuchongwa miondoko 108 ya ngoma. Imekamilika 81, mawe yaliyosalia ni matupu. Yatazame kwa makini hayo matupu: yanaonyesha kuwa waashi walipanga mawe kwanza, wachongaji wakafuata ukutani.

Utaambiwa kwamba kivuli cha mnara hakigusi ardhi. Si kweli. Kwa kuwa mnara umetanuka chini, miezi ambayo jua la mchana liko karibu na utosi, kivuli cha kilele huishia mwilini mwake. Njoo Desemba, saa sita mchana, usimame upande wa kaskazini: utakikanyaga.